Makato ya Kadi Nje ya Nchi: Tuambiwe Jumla

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai kufuata mzigo anajua bei ya kila kitu. Anajua kama tiketi ya wiki hii imepanda au imeshuka, chumba cha Deira ni kiasi gani kwa usiku, kilo ya mzigo wa ndege inalipiwaje, na ajenti wa forodha atadai nini kontena likifika. Dukani atavutana na muuzaji kwa dirhamu mbili za dazeni ya blauzi, na atazipata. Muulize sasa kadi yake ya benki inamkata kiasi gani akitoa pesa kwenye ATM ya kule. Atakwambia, "Wanakata kidogo." Huyo ni mtu anayeishi kwa hesabu, na hapo hana hesabu.

Hajui kwa sababu hajaambiwa. Karatasi ya makato iliyobandikwa ukutani katika tawi lake, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, inamtajia sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa imo ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha, na hicho karatasi haikitaji. Mimi nadai kitu kimoja: benki inayompa Mtanzania kadi ya kutumia nje imwambie jumla ya gharama, kwa shilingi, kabla hajapanda ndege. Mpaka sheria itakapoilazimisha, msafiri hana budi kujifunza kuzisaka gharama hizo mwenyewe.

Tuangalie pesa inavyosafiri. Ukiingiza kadi yako kwenye mashine ya nje, watatu wanaigusa pesa hiyo: benki yenye mashine, mtandao wa kadi kama Visa, Mastercard au UnionPay, na benki yako iliyokupa kadi. Kila mmoja anakula chake. Benki yenye mashine hukata ada yake palepale. Mtandao wa kadi ndio unaobadilisha dirhamu au lira kuwa fedha ya akaunti yako, kwa kiwango chake cha siku hiyo, ambacho kwa kawaida si kibaya. Benki yako nayo hukata ada ya kutoa pesa nje, kisha mara nyingi huongeza asilimia fulani juu ya kile kiwango, au hutumia kiwango chake yenyewe cha kuuzia dola. Huku kwa mwisho ndiko pesa nyingi zinakopotelea.

Weka namba uone. Tuseme kiwango cha Benki Kuu siku hiyo ni shilingi 2,600 kwa dola, na benki yako inakuhesabia manunuzi ya kadi kwa shilingi 2,700. Ukitumia dola 2,000 katika safari nzima, umelipa shilingi 200,000 za tofauti hiyo peke yake. Ada ya kutoa pesa iliyoandikwa ukutani inaweza kuwa shilingi 10,000 kwa mara moja. Yaani kile kisichoandikwa kimekula mara ishirini ya kile kilichoandikwa. Na kwenye taarifa ya akaunti hutakiona kama makato. Utaona manunuzi tu, yenye shilingi nyingi kuliko ulivyotegemea, utadhani dola imepanda.

Ndiyo maana nasema kadi isichaguliwe kwa kutazama ada ya kutoa pesa, wala kwa rangi ya dhahabu iliyopakwa juu yake. Nenda dirishani, msalimie dada wa benki, umwulize swali moja: "Nikitumia dirhamu 1,000 Dubai leo, akaunti yangu itatoka shilingi ngapi, kila kitu kikiwemo?" Akikujibu kwa asilimia na maneno ya mtandao, mrudishe kwenye shilingi. Akishindwa, aitwe meneja wa tawi. Nenda benki ya pili ukaulize vilevile, siku hiyohiyo, kwa kiasi kilekile. Ukishapata majibu mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi, unajua kadi ipi ni nafuu. Visa na Mastercard zote mbili zina kikokotoo kwenye tovuti zao, kinachoonyesha kiwango chao cha siku unayoichagua na kukuruhusu kuongeza asilimia ya benki yako. Ukirudi safari, chukua taarifa ya akaunti, ingiza tarehe na kiasi, utaona benki yako imejiongezea ngapi. Watu wachache hufanya hivi. Wangefanya wengi, mabenki yangebadilika bila kusukumwa na mtu.

Kwa nchi za Ghuba kuna jambo ambalo kila anayekwenda huko angepaswa kulijua kama anavyojua namba yake ya siri. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725, jana, leo na mwakani kama hawatabadili sera. Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwenye 3.75 tangu mwaka 1986. Riyali ya Omani nayo ni thabiti, kila moja ikiwa sawa na dola 2.60. Maana yake ni kwamba mwenye akaunti ya dola na kadi ya dola, akiwa Dubai, Jidda au Muscat, hana hatari ya kiwango kuyumba. Dola zake alikwisha kuzinunua kwa shilingi huku nyumbani, siku aliyoichagua mwenyewe, baada ya kulinganisha viwango. Kule zinageuka dirhamu kwa kiwango ambacho dunia nzima inakijua. Mwenye kadi ya shilingi yuko mahali pengine kabisa: anabadilishiwa fedha kila anapochomoa kadi, kwa kiwango ambacho hakukichagua.

Kwa hiyo kwa wafanyabiashara wa Ghuba nashauri bila kusita: fungua akaunti ya dola, iwe na kadi yake, na uijaze kidogokidogo dola inaposhuka. Nayo ina gharama zake, kwani benki huuza dola kwa bei ya juu kuliko inavyozinunua, na baadhi ya akaunti hizo zinataka salio la kuanzia. Hata hivyo gharama hiyo unaiona mbele ya macho yako kabla ya kukubali. Wale tuliopita kwenye uhaba wa dola wa mwaka 2023 tunakumbuka watu walivyozunguka matawi wakitafuta dola mia tano za safari. Aliyekuwa na salio lake la dola alisafiri.

Sasa kuna mtego unaowakamata hata wenye kadi za dola, na ningetaka kila msomaji aukariri. Unapotoa pesa au kulipa dukani, mashine itakuuliza: unataka kulipa kwa dirhamu, au kwa fedha ya kadi yako? Kwenye skrini, chaguo la fedha yako limepambwa. Linakuonyesha kiwango, linakuambia kiasi ni cha uhakika, na kitufe cha kukubali ni kikubwa. Mtu mwenye akaunti ya dola huona dola, anatulia, anabonyeza. Hapo amempa mwenye mashine ruhusa ya kumbadilishia fedha kwa kiwango anachokitaka yeye. Tuseme mashine inakupa dirhamu 3.50 kwa dola. Dirhamu 1,000 zingekutoka dola 272.30 kwa kiwango halali. Kwa kiwango cha mashine zinakutoka dola 285.70. Dola 13.40 zimekwenda kwa kubonyeza kitufe. Kwa bahati nzuri huko Ghuba unaweza kuutambua wizi huo papo hapo kwa sababu kiwango hakibadiliki. Istanbul, Mumbai au Guangzhou huna namba kichwani ya kulinganisha nayo.

Kanuni ni fupi: chagua fedha ya nchi uliyopo, siku zote. Uko Dubai, dirhamu. Uko Uturuki, lira. Uko Afrika Kusini, randi. Hata kama akaunti yako ni ya dola na skrini inakuonyesha dola. Mashine nyingine huandika onyo kwamba ukikataa huenda usipate kiwango kizuri. Endelea kukataa, pesa itatoka. Dukani angalia muuzaji asikuchagulie, kwa maana wapo wanaobonyeza kabla hawajakugeuzia mashine. Ukiona risiti imeandikwa dola au shilingi badala ya fedha ya pale, mwambie aifute na aanze upya wakati bado umesimama mbele yake. Baadaye huna pa kulalamikia, maana karatasi inasema ulikubali.

Kosa lingine linalowagharimu wengi ni kutoa pesa kidogokidogo. Nalielewa, mtu anaogopa kutembea na noti nyingi ugenini. Lakini ada nyingi za ATM hazitazami kiasi. Tuseme benki yako inakata dola 5 kila unapotoa, na mashine ya kule inakata dirhamu 25, ambazo ni karibu dola 6.80. Ukitoa dirhamu 200, umelipa zaidi ya asilimia 21 ya ulichopata. Ukitoa dirhamu 2,000 kwa mara moja, ada ileile ni asilimia 2 na kidogo. Kwa hiyo toa mara chache, toa nyingi, gawa noti sehemu mbili, moja ikae kwenye kasha la hoteli. Na dukani, pale kadi inapokubaliwa bila nyongeza, lipa kwa kadi moja kwa moja, kwa sababu ada za ATM hazigusi malipo ya dukani.

Haki inataka niseme pia kwamba kwa Dubai noti za dola bado zina nguvu zake. Maduka ya kubadilisha fedha ya Deira hununua dola kwa bei iliyo karibu sana na ile ya kufungwa, ushindani wao ni mkubwa, na hakuna kadi inayowashinda kwa urahisi. Mwenye noti safi za dola mia anaweza kupata dirhamu nyingi kuliko mwenye kadi. Anachokilipia ni hofu. Ukibeba dola 10,000 au zaidi unapotoka Tanzania lazima utoe tamko forodhani, na kuingia Falme za Kiarabu kiwango cha kutoa tamko ni dirhamu 60,000. Wapo wanaonyang'anywa mkoba pale Kariakoo kwenyewe kabla hata ya kufika uwanja wa ndege. Kwa maoni yangu msafiri mwenye akili hubeba noti za kutosha siku mbili tatu, na zilizobaki akaziacha kwenye akaunti.

Uturuki ni habari tofauti. Mitaa ya Laleli na Merter jijini Istanbul imejaa wanunuzi kutoka Afrika Mashariki, na Kiswahili unakisikia ukikatiza tu. Kule fedha yenyewe ndiyo inayokimbia: mwaka 2021 peke yake lira ilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya thamani yake mbele ya dola. Mwenye kutoa lira nyingi siku ya kwanza ili zimtoshe wiki mbili anajiumiza. Wauzaji wa jumla wa Laleli wengi hutaja bei kwa dola na hupenda noti. Kwa chakula, teksi na hoteli, kadi ya dola inayolipa kwa lira siku hiyohiyo ndiyo salama. Na ATM za barabarani zenye taa kali karibu na maeneo ya watalii ziepuke. Tafuta mashine ya benki yenye tawi nyuma yake, na kabla ya kukubali soma ada iliyoonyeshwa. Ikiwa kubwa, bonyeza kufuta, kadi itarudi, nenda mashine ya pili. Benki mbili zilizo mtaa mmoja zinaweza kuwa na ada zisizofanana hata kidogo.

China imebadilika sana na wafanyabiashara wengi wa zamani hawajapata habari. Miaka ya nyuma mtu alifika Guangzhou akakuta kadi yake ya Visa ni kipande cha plastiki. Muuza supu, dereva na duka la vocha wote walitaka malipo ya simu, na mfumo wa simu ulitaka akaunti ya benki ya China. Tangu mwaka 2023 Alipay na WeChat zimefungua milango kwa kadi za nje, na mwaka 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kikapandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000. Unaunganisha kadi yako, unaskani, unalipa kama Mchina. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana nyongeza ya mifumo hiyo; ukizidisha hapo, wanaongeza asilimia 3. Kwa hiyo chakula, maji, treni ya chini ya ardhi na teksi vilipe kwa njia hiyo bila wasiwasi, huku ukijua benki yako huku nyumbani bado ina makato yake. Mzigo wenyewe, ambao ni maelfu ya dola, usiupitishe huko. Asilimia 3 ya dola 5,000 ni dola 150, na kwa kawaida uhamisho wa benki kwa benki hautakufikisha hapo.

Hapa kuna jambo dogo linaloharibu safari nzima. Ili kuunganisha kadi na mfumo wa simu, au kulipa chochote mtandaoni, benki yako hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya Tanzania. Ukiwa Guangzhou laini ile haipatikani, ujumbe haufiki, kadi inakataa, nawe umesimama na simu mkononi na foleni nyuma yako. Fanya kazi hiyo ukiwa nyumbani. Unganisha kadi kabla ya kuondoka, washa huduma ya laini kutumika nje, na uiambie benki tarehe na nchi unazokwenda. Kadi nyingi za kwetu huja zimefungwa kwa matumizi ya nje, na hufunguliwa kwa ombi. Ambaye hakuomba hugundua akiwa mbele ya mashine ya ugenini saa nne usiku.

Nimeeleza sana habari za biashara, lakini wanaoniumiza roho zaidi ni wawili wengine: anayempeleka mgonjwa India, na mzee anayekwenda Hijja.

Familia inayompeleka mgonjwa Chennai au New Delhi imeshachangishana. Ukoo mzima umetoa, kikundi cha WhatsApp kimetoa, kazini wametoa. Pesa hiyo ni ya thamani kuliko pesa ya biashara, kwa maana haina faida itakayokuja kuirudisha. Hospitali inataka malipo ya awali kabla ya kumlaza mgonjwa, na hapo ndipo kadi hushindwa: kadi ina kikomo cha siku, na kikomo hicho kwa kawaida ni kidogo kuliko gharama ya upasuaji. Mtu analipa sehemu leo, sehemu kesho, kila mara akikatwa, na mgonjwa anasubiri. Nasihi yangu ni kwamba gharama ya hospitali ihamishwe benki kwa benki kutoka Tanzania, kwa ankara ya hospitali yenyewe, kabla ya safari. Kadi ibaki kwa chakula, dawa za nje na nyumba ya wageni, na kikomo chake kipandishwe kwa barua mapema. Kule India mashine nyingi hutoa rupia 10,000 tu kwa mara moja, kwa hiyo ushauri wangu wa kutoa nyingi hauwezekani. Lipa kwa kadi dukani kila inapokubaliwa. Na mabenki yetu, kama kweli yana moyo wa matangazo yao, yangeondoa nyongeza ya kiwango kwa malipo ya hospitali yenye ankara. Wangepoteza kidogo sana. Ningependa kuiona benki ya kwanza itakayofanya hivyo, na ningeitangaza mwenyewe.

Mzee wa Hijja au Umra, yeye huondoka na dola alizoshonewa ndani ya mkanda. Bibi anazo kwenye kitambaa kiunoni. Watoto wanaona ni salama kuliko kadi ambayo mama hajui kuitumia. Wengine wanampa kiongozi wa msafara kadi ya mama pamoja na namba ya siri, awe anamtolea. Hilo sikubaliani nalo hata kiongozi awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu siku pesa isipoonekana yeye atashukiwa bure, au atakuwa na kosa lisilothibitika. Njia iliyo bora ipo: kadi ya kujaziwa pesa, isiyounganishwa na akaunti kubwa, yenye dola mia mbili tu. Mtoto aliyebaki Tanga au Unguja anaiongezea kutoka kwenye simu kila inapopungua. Ikipotea katika umati wa Makka, kilichopotea ni dola chache. Na mama afundishwe nyumbani, kwa subira, kwenye mashine ya mtaani kwao, mpaka vidole vyake vizoee. Afundishwe pia kuchagua riyali.

Wanaokwenda hoteli kubwa wajue kwamba hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi inayochukua pesa moja kwa moja kwenye akaunti, kiasi hicho hutoweka kwenye salio lako halisi, na baada ya kuondoka kinaweza kuchukua siku nyingi kurudi. Ulitegemea dola 300 hizo kwa mzigo wa mwisho, hazipo. Ukiweza, dhamana itoe kwa noti na udai risiti. Mwenye kadi ya mkopo aitumie hapo, maana inazuia mkopo badala ya pesa yake. Ila kadi ya mkopo isiguse ATM kamwe: ada yake ni kubwa na riba huanza kuhesabika siku hiyohiyo.

Kwa majirani zetu nina maneno machache. Anayekwenda Nairobi hana haja ya kuumizwa na kadi. M-Pesa ya Tanzania na ile ya Kenya zinatumiana pesa tangu mwaka 2015, na unaonyeshwa ada kabla hujabonyeza kutuma. Hata hapo linganisha kiwango, kwa sababu faida ya kampuni imo humo pia. Benki kama CRDB ina kampuni tanzu Burundi na Kongo, Equity na KCB ziko karibu kila nchi ya Afrika Mashariki. Mteja aulize kama kutoa pesa kwenye mashine ya benki dada kuna nafuu. Wakenya nao tangu mwaka 2022 wana kadi ya Visa iliyo ndani ya M-Pesa, isiyo na plastiki, ya kulipia mtandaoni, na kwetu kampuni za simu zimefuata njia hiyo. Kadi za namna hii ni nzuri kwa kulipia hoteli na tiketi, kwa kuwa unaweka kiasi unachokitaka tu na mwizi wa mtandaoni akiipata hakuti kitu. Lakini nayo ina kiwango chake cha kubadilishia, na swali la dirishani ni lilelile: dola 100 zitanitoka shilingi ngapi?

Ndugu zetu walioko Uingereza wanatushangaa tunapohesabu hivi. Kule benki changa kama Starling na Monzo, zilizoanzishwa mwaka 2014 na 2015, zilivutia wateja kwa kuondoa nyongeza kwenye matumizi ya kadi nje ya nchi, na benki kongwe zikalazimika kutoa kadi zinazoshindana nazo. Marekani, Charles Schwab humrudishia mteja hata ada aliyokatwa na mashine ya nchi nyingine. Hakuna muujiza hapo. Mteja alionyeshwa bei, akachagua, benki ikafuata. Sisi tuna mabenki mengi yanayotangaza kadi kwa picha za ndege na fukwe, na sijaona hata moja iliyobandika bango linalosema: dola moja kwa kadi yetu leo ni shilingi kadhaa, Benki Kuu ni shilingi kadhaa.

Ulaya hawakuachia ushindani peke yake. Kwa kanuni ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Aprili 2020, mashine inayotaka kukubadilishia fedha katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima ionyeshe, kwa asilimia, imeongeza kiasi gani juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Mteja anaona asilimia 8 kwenye skrini na anakataa. Kenya mwaka 2017 Benki Kuu na chama cha mabenki walifungua tovuti ya kumwonyesha mkopaji gharama yote ya mkopo, si riba peke yake. Kwetu, kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba aliyezoea kutaja kodi kwa dola sasa anaitaja kwa shilingi. Tumeshaonyesha kwamba tunaweza kuamua bei isemwe kwa lugha ya mnunuzi.

Benki Kuu ya Tanzania inatangaza viwango vya fedha za kigeni kila siku ya kazi. Kipimo kipo tayari. Iagize kila benki yenye kadi ya kutumia nje itangaze, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa tawi na kwenye programu ya simu, tofauti kati ya kiwango chake cha kadi na kipimo hicho, kwa asilimia. Iagize karatasi ya makato iwe na mfano mmoja unaofanana kwa benki zote: kutoa dola 200 kwenye ATM ya nje, na kulipa dola 200 dukani, jumla ni shilingi ngapi. Magazeti yataweka majibu hayo kwenye jedwali moja na mama wa Kariakoo atachagua kabla ya kumaliza chai.

Na iagize jambo la tatu, lililo rahisi kuliko yote. Kila tunapotumia kadi, benki hututumia ujumbe mfupi dakika ileile kutuambia kiasi kilichotoka. Ujumbe huo uongezwe mstari mmoja: kiwango kilichotumika, na nyongeza ya benki kwa shilingi. Mtu akiwa bado amesimama mbele ya mashine ya Deira ataujua ukweli wote wa pesa yake, na kama hakuridhika atalipa kinachofuata kwa kadi nyingine.